Picha za theluji mkiwa wawili: mwongozo kamili wa kupiga picha za asili karibu na nyumbani

Kila majira ya baridi yanapoingia, wasomaji hunitumia picha zenye kasoro zilezile. Theluji imetoka ya kijivu kama majivu. Mbele ya mti mzuri umepita msururu wa nyayo. Picha inayofuata ina ukungu, na iliyotakiwa kuja baada yake haipo kwa sababu betri ilizima. Wengi huongeza mstari mmoja mwishoni: mwenzangu alipigwa na baridi, tukarudi kabla ya kufika tulikokuwa tunakwenda.

Nimezitazama picha hizo nyingi na sababu ni moja. Wawili wametoka pamoja, lakini wote wanafanya kazi ileile kwa wakati uleule. Wote wameinamia kamera, hakuna anayeangalia theluji, saa, wala vidole vya mwenzake. Kwa hiyo huu si mwongozo wa mpiga picha mmoja ulioongezwa mtu wa pili. Umepangwa kwa watu wawili tangu mwanzo, na unadai sehemu ndogo tu ya ardhi, ile mnayoweza kuifikia kwa miguu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kamera moja au simu moja iliyo tayari. Nasema moja kwa makusudi, na sababu iko katika hatua ya pili.
- Betri tatu za kamera, au pawabenki kama mnatumia simu.
- Mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, mikubwa kiasi cha kumeza kamera pamoja na lenzi yake.
- Vitambaa viwili vikavu vya lenzi, brashi laini, na pampu ndogo ya mkono ya kupulizia vumbi.
- Kinga ya mbele ya lenzi, ile inayozuia jua la pembeni. Huzuia na theluji pia.
- Glavu za tabaka mbili kwa kila mtu: nyembamba ndani, nene juu.
- Nguo za ndani za sufu. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji, na maji hayo huiba joto la mwili mara tu mnaposimama.
- Kipande cha mkeka wa sponji cha kupigia magoti.
- Kitambaa cheusi cha sufu, ukubwa wa viganja viwili. Kazi yake mtaiona katika hatua ya saba.
- Miwani ya jua, tochi mbili za kichwani, na kinywaji cha moto kwenye themosi.
- Stendi ya miguu mitatu, ikiwa mnataka kijito kinachotiririka au mwanga wa kabla ya jua kuchomoza. Kwa mengine inaweza kubaki nyumbani.

## Hatua ya 1: Chagueni mzunguko mfupi na mwujue

Chagueni njia ya nusu saa kwa miguu yenye vituo vinne au vitano: mti uliosimama peke yake, kichaka chenye matunda yaliyobaki, kijito, uzio wa zamani, mahali ndege wanapokula. Ipiteni mchana bila kamera. Angalieni jua linatokea upande gani wa ule mti, upepo unapita wapi, na wapi panakaa kivuli siku nzima.

Ukaribu ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Uzuri wa majira ya baridi haukai. Sakitu, yale manyoya meupe ya barafu yanayoota juu ya majani usiku, huanza kudondoka jua likiigusa tu. Theluji iliyokaa juu ya matawi huanguka upepo wa kwanza ukivuma. Aliye mbali husafiri kuifuata picha iliyokwisha kuyeyuka. Ninyi mnachungulia dirishani, mnavaa buti, na ndani ya dakika kumi mko pale.

Tena mwanga uko upande wenu. Katika majira ya baridi jua hupita chini angani. Mahali palipo nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, adhuhuri ya siku fupi kuliko zote jua huwa karibu nyuzi 16 na nusu tu juu ya upeo. Vivuli vinabaki virefu hata saa sita mchana, na mwanga wa pembeni unaochora umbo la theluji mnaupata kwa saa nyingi.

Mtakuwa tayari kwa hatua ya pili mkiweza kukaa mezani na kuchora mzunguko huo kwenye karatasi, pamoja na mahali jua litakapokuwa saa mbili asubuhi.

## Hatua ya 2: Mmoja apige, mmoja alinde

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoponya karibu makosa yote.

Kwa kila kituo kuna mpigaji na kuna mlinzi. Mpigaji anashika kamera na hafikirii kingine. Mlinzi ana kazi nne, na hakuna iliyo ndogo.

Kwanza analinda theluji. Anaangalia nyayo ziende wapi, na anamzuia mpigaji asirudi nyuma na kukanyaga sehemu inayofuata.

Pili analinda joto. Betri za akiba ziko kwake, kwenye mfuko wa ndani ya koti karibu na mwili. Kila baada ya dakika chache anauliza: vidole vikoje? Jibu la "sijui" maana yake vimeanza kufa ganzi, na glavu nene zinarudi mkononi papo hapo.

Tatu analinda muda. Dakika ishirini zikitimia mnabadilishana. Msisubiri mmoja achoke. Anayesimama bila kazi hupoa haraka kuliko anayeshughulika, na akishapoa safari imekwisha hata kama haijatamkwa.

Nne anatazama kwingine. Mpigaji akiwa ameelekeza lenzi mashariki, mlinzi anatazama magharibi. Picha niipendayo kuliko zote za mwaka jana, mbweha akivuka shamba jeupe huku amegeuza kichwa, sikuiona mimi niliyekuwa na kamera. Mume wangu aliigusa bega langu mara mbili, nikageuka polepole, nikapata fremu tatu.

Kubalianeni ishara kabla ya kutoka, maana sauti husafiri sana kwenye hewa tulivu ya alfajiri. Sisi tuna tatu tu: kugusa bega mara mbili ni "kuna kitu, geuka taratibu"; kiganja wazi ni "usisogee"; ngumi iliyofungwa ni "baridi imenizidi, turudi". Hiyo ya tatu haijadiliwi. Ikionyeshwa, mnarudi.

Kwa nini kamera moja? Kwa sababu mkiwa na mbili, mlinzi hayupo. Mtakapokuwa mmezoea baada ya matembezi matano au sita, chukueni ya pili.

## Hatua ya 3: Someni anga usiku uliotangulia

Usiku usio na mawingu wala upepo, wenye baridi chini ya sufuri, huleta sakitu. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na mvuke ulio hewani huganda moja kwa moja juu ya majani bila kupitia hali ya maji. Tokeni kabla ya jua kuchomoza.

Mawingu mazito huleta mwanga laini usio na vivuli. Ni siku ya ndege, magome ya miti, na theluji inayoanguka. Sio siku ya mandhari pana, kwa sababu theluji na anga vitakuwa na rangi moja.

Ukungu wa baridi kali ukiganda kwenye matawi, acheni kila mlichokipanga mtoke. Hali hiyo huenda msiione tena majira yote.

## Hatua ya 4: Pangeni kamera mkiwa bado ndani

Vidole vilivyo na joto hufanya kwa dakika moja kazi ambayo nje itawachukua kumi. Kabla ya kufungua mlango:

Wekeni kamera ihifadhi picha katika umbizo la RAW, yaani data ghafi kama kamera ilivyoipokea. Faili ni kubwa, lakini linabeba maelezo mengi ya sehemu nyeupe, na theluji yote ni sehemu nyeupe. Futeni kadi mkishahakikisha nakala ipo. Washeni histogramu, mchoro unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia giza kushoto hadi weupe kulia, na onyo la sehemu zilizoungua, yaani zilizopata mwanga mwingi mpaka maelezo yakapotea, zile zinazomwekamweka kwenye skrini. Mpangilio wa rangi ya mwanga, ulioandikwa WB, uwekeni kwenye alama ya jua, sababu inakuja.

Vaeni kamera juu ya koti, sio ndani yake. Wengi huificha kifuani wakidhani wanaisaidia. Joto na unyevu wa mwili hupanda kwenye lenzi, na mkiitoa kwenye baridi unyevu huo hugeuka ukungu, pengine barafu. Kamera ikishapoa iacheni ikae na baridi yake. Kinachohitaji joto ni betri.

Betri za lithiamu hazifi kwa baridi. Mmenyuko wa kemikali ndani yake hupungua kasi, ukinzani huongezeka, na kamera hudhani chaji imekwisha. Ikizima, mpeni mlinzi aiweke mfukoni na mchukue iliyo na joto. Baada ya nusu saa ile ya kwanza mara nyingi huwa imerudisha sehemu ya nguvu zake. Kwa betri tatu zinazozunguka namna hii, sisi humaliza asubuhi nzima. Simu nayo ikae mfuko wa ndani, itoke kwa kupiga tu.

## Hatua ya 5: Ingieni kwenye theluji kama mnaingia mara moja tu

Theluji iliyokanyagwa hairudi. Simameni pembeni ya kituo kwanza, kabla ya mguu wowote kuingia, na mjiulize picha pana itapigwa kutoka wapi. Pigeni hiyo ya pana kwanza. Kisha sogeeni kwa picha ya kati, halafu ya karibu. Wengi hufanya kinyume: wanakimbilia tawi lenye sakitu, wakigeuka kupiga uwanja wote wanakuta njia ya nyayo zao wenyewe katikati.

Tembeeni kwa safu moja, wa nyuma akiweka buti ndani ya nyayo za wa mbele. Zungukeni kutoka upande wa kivuli cha mti au kando ya uzio, mahali ambapo alama hazitaonekana.

Mara moja mume wangu aliingia mbele yangu kuelekea kijito, kwa furaha tu ya theluji mpya. "Simama hapo hapo, usirudi nyuma!" nikamwambia. Aliganda mguu mmoja ukiwa juu. Kwa kuwa hakurudi, nyayo zilikuwa mstari mmoja safi, na tuliutumia mstari huo kuongoza jicho mpaka majini. Angepapatika kurudi, pale pangekuwa matope. Kwa hiyo kanuni: aliyekosea asimame, mwenzake aamue.

Kama mmebeba stendi, ichomekeni miguu ikiwa imekunjuka kidogo tu, kisha isukumeni mpaka iguse kitu kigumu. Ukiitandaza wazi juu ya theluji ya kina na kuikandamiza, theluji huisukuma miguu ifunguke zaidi na maungio yake yanaweza kupasuka. Anzeni kurefusha vipande vya chini, ili theluji na barafu zisiingie kwenye vifungio vya juu.

Onyo kuhusu barafu. Msikanyage mto ulioganda kwa ajili ya picha. Maji yanayotembea huila barafu kutoka chini, na theluji iliyo juu inaficha palipo pembamba. Kwenye maji yaliyotulia, kipimo kinachotumika sana ni angalau sentimita 10 za barafu safi, ngumu, kwa mtu mmoja anayetembea. Barafu nyeupe yenye mapovu ina takriban nusu tu ya nguvu hiyo. Picha nyingi nzuri za barafu hupigwa ukingoni, mtu akiwa amepiga magoti kwenye nchi kavu. Bakini hapo.

## Hatua ya 6: Rudisheni weupe wa theluji

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kwa dhana moja: kwamba vilivyo mbele yake, vyeupe kwa vyeusi, vikichanganywa hutoa kijivu cha kati. Kwenye uwanja wa theluji hakuna cheusi cha kusawazisha. Kamera inaona mwanga mwingi, inadhani umezidi, inaupunguza. Theluji inageuka kijivu, na mti uliokuwa kahawia unageuka mweusi.

Dawa yake ni kitufe au gurudumu lenye alama ya +/-. Theluji ikijaza fremu chini ya mawingu, anzeni na +1. Jua likiwaka juu yake, nendeni hadi +1⅔, hata +2. Theluji ikichukua nusu tu ya picha, +⅔ mara nyingi hutosha. Inaonekana kinyume kuongeza mwanga mahali palipokwisha kung'aa, ndiyo maana watu hawathubutu. Thubutuni.

Kwa simu, gusa theluji kwenye skrini, shikilia kidole mpaka alama ya kufunga itokee, kisha buruta alama ya jua juu polepole.

Halafu msiamini macho. Nje, mng'ao wa theluji huifanya skrini ionekane yenye giza, na alfajiri skrini hiyohiyo huonekana ikiwaka kupita kiasi. Tazameni histogramu, ule mchoro wa kilima. Kilima cha theluji kinatakiwa kiegemee kulia, mguu wake ukikaribia ukuta wa kulia bila kuupanda. Kikiwa katikati, theluji ni kijivu. Kikiwa kimekwea ukuta, weupe umeungua na hautarudi hata kwa RAW. Punguzeni ⅓ na mpige tena. Vueni miwani ya jua kwa sekunde hizo za kuangalia skrini, halafu mrudishe: theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno ya jua, na macho yanaungua bila nyinyi kujua mpaka jioni.

Suala la rangi ni jepesi zaidi. Vivuli kwenye theluji siku ya jua ni vya buluu kweli, kwa sababu kinachoviangazia ni anga na sio jua. Mkiacha WB ijiamulie, kila fremu itatoka na rangi yake. Ndiyo sababu ya kuifunga kwenye alama ya jua: buluu ya kivulini inabaki, dhahabu ya juani inabaki, na zikikaa pamoja picha inapata baridi na joto lake. Buluu ikizidi, hasa kwenye kivuli kitupu, ipunguzeni nyumbani kwenye kompyuta. Msiifute yote. Theluji isiyo na buluu hata kidogo inafanana na chumvi.

Picha imekaa sawa pale mnapoona theluji ni nyeupe, lakini bado mnaweza kuhesabu mawimbi madogo ya upepo juu yake.

## Hatua ya 7: Vitu vitano vya kupiga, na jinsi ya kila kimoja

Theluji ikianguka. Tafuteni mandhari ya nyuma yenye giza: msitu, ukuta, shina. Chembe nyeupe mbele ya anga jeupe hazionekani. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ikiwa 1/250 ya sekunde au zaidi, huzisimamisha hewani. 1/30 huzichora kama nyuzi. Fokasi, yaani mahali kamera inapolenga ukali wa picha, itahangaika ikifuata chembe, kwa hiyo ilengeni kwenye mti kisha mweke fokasi ya mkono ili kamera isiibadilishe yenyewe. Mlinzi ashike mwavuli, na lenzi ielekee upepo unakokwenda. Chembe zikitua juu ya kioo zitoeni kwa pampu au brashi. Msizipulize kwa mdomo: pumzi ina mvuke, na mvuke huo huganda juu ya lenzi.

Sakitu. Shukeni mpaka usawa wa jani na mtafute ukingo wake, ndiko manyoya yanakoota marefu. Jua likiwa nyuma ya jani, kila unyoya unawaka. Mnazo dakika chache, kwa hiyo anzeni na jani litakaloguswa na jua kwanza.

Chembe moja ya theluji. Hapa ndipo ningetaka mtumie muda, kwa sababu linahitaji watu wawili hasa.

Subirini siku yenye takriban nyuzi -15 za selsiasi na upepo mdogo. Karibu na joto hilo ndipo nyota zenye matawi sita hukua vizuri. Kwenye baridi hafifu mtapata vipande vilivyoshikana. Tandazeni kile kitambaa cheusi cha sufu nje kwa nusu saa ili kipoe. Kikiwa na joto la mfukoni, kila chembe itakuwa tone kabla hamjainama.

Mlinzi anashika kitambaa wazi, anaacha chembe chache zitue, kisha anakiingiza chini ya mwavuli. Nyuzi za sufu hushikilia chembe ikiwa imeinuliwa, kwenye ncha za matawi yake, na hilo ndilo linalomwezesha mpigaji kuiona yote bila kuigusa. Tochi ishikwe chini, pembeni, mwanga upite juu ya kitambaa kama jua la jioni. Mkiangaza kutoka juu chembe inakuwa doa jeupe. Kutoka pembeni unaona mifereji ndani ya kila tawi, na katikati yake kibamba kidogo chenye pembe sita ambako yote yalianzia.

Kwa kamera tumieni lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana. Kwa simu inatosha lenzi ndogo ya kukuza inayobanwa juu ya ile ya simu. Eneo lenye fokasi kali ni jembamba, chini ya milimita moja, kwa hiyo mpigaji asizungushe fokasi bali asogee mwili mbele na nyuma kidogo huku akipiga mfululizo. Wote wawili pumueni pembeni. Katika fremu thelathini tunafurahi tukipata mbili. Chembe huanza kupoteza ncha zake ndani ya dakika chache hata bila kuyeyuka, na hapo mlinzi anakung'uta kitambaa mnaanza upya.

Ndege. Ndege mdogo katika baridi anaishi kwa hesabu ya siku moja: anakula mchana ili avuke usiku. Kila anaporuka kwa kuwaogopa ninyi anatumia akiba hiyo. Msimfuate. Wekeni mbegu za alizeti mahali pamoja, wakati uleule kila siku, safisheni kibanda cha kulishia mara kwa mara ili magonjwa yasienee, na mwache ndege waje. Kiwe karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, au mbali zaidi ya mita kumi. Katikati ya hapo ndege hupata kasi ya kutosha kujiumiza kwenye kioo.

Simikeni tawi zuri umbali wa mita moja kutoka kwenye mbegu. Ndege atatua hapo kwanza kukagua, na hiyo ndiyo picha. Nyuma ya tawi paachwe wazi mita tano au zaidi ili pawe laini. Kasi ya 1/1000, fokasi kwenye jicho. Theluji iliyo chini hurudisha mwanga tumboni mwa ndege, sehemu ambayo miezi mingine huwa na kivuli.

Mkitaka kupiga kutoka ndani, msifungue tu dirisha la chumba chenye joto. Hewa ya moto inayokutana na ya baridi hutetemeka mbele ya lenzi na picha zote hutoka zimelegea, nanyi mtailaumu lenzi. Zimeni kipasha joto na mngoje chumba kipoe, au pigeni kupitia kioo kisafi, lenzi ikiwa imekaribia kioo na kuelekea moja kwa moja.

Ndege akiacha kula na kunyoosha shingo, mmekaribia mno. Rudini hatua tatu.

Mwenzako. Acheni hii iwe ya mwisho kila kituo, kwa sababu inaharibu theluji. Mwenzako atembee kuondoka kwako kwa mstari mmoja, akiwa na kitu cha rangi, skafu nyekundu au kofia ya manjano, kisha asimame akiwa mdogo ndani ya fremu. Nyayo mlizozikwepa asubuhi nzima sasa zina kazi. Kwa picha ya karibu, angalieni uso na sio theluji. Uso mbele ya weupe hutoka na giza, hivyo ongezeni mwanga hata kama theluji ya nyuma itaungua kidogo. Ngozi nyeusi inastahili mwanga huo kuliko theluji.

## Hatua ya 8: Rudini kabla mwili haujaamua

Ngozi ya kidole, pua au sikio ikipauka na kupoteza hisia, ingieni ndani na muipashe joto polepole kwa mwili au maji ya vuguvugu. Msiisugue, wala msiisugue kwa theluji. Mwenzako akitetemeka bila kuweza kuacha, akianza kuvuruga maneno au kujikwaa, hilo si suala la picha tena: joto la mwili wake linashuka. Mpelekeni ndani, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, na mwite msaada wa daktari. Mwenye hali hiyo mara nyingi husema yuko sawa. Ndiyo maana tuliweka mlinzi.

## Hatua ya 9: Funga kamera kabla ya kufungua mlango

Mkiwa bado nje, toeni kadi na betri. Ingizeni kamera na lenzi ndani ya mfuko wa zipu, kamueni hewa, fungeni. Hapo ndipo mwingie.

Hewa ya ndani imebeba mvuke, na kamera iliyopoa huuvuta kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Ndani ya mfuko, jasho hilo linatokea nje ya plastiki, sio kwenye saketi na vioo. Uwekeni mahali penye ubaridi, kwa mfano karibu na mlango, mbali na kipasha joto, kwa saa moja au mbili. Mfuko ukikauka nje na kamera isipokuwa baridi tena ukiishika, fungueni.

Betri nazo zisichajiwe zikiwa za baridi. Kuchaji betri ya lithiamu iliyo chini ya sufuri huiharibu moja kwa moja. Zisubiri zifike joto la chumba.

Hiyo ndiyo sababu ya kutoa kadi mapema: mnaweza kutazama picha huku kamera ikipata joto.

## Hatua ya 10: Kila mmoja achague za mwenzake

Aliyepiga anakumbuka jinsi magoti yalivyolowa, na anaipenda picha kwa sababu ya tabu yake. Mwenzake anaona picha tu. Kaeni pamoja, kila mmoja achague tano kutoka zile alizopiga mwingine, bila kuelezwa chochote. Zile mbili au tatu mtakazobishania, andikeni kwenye ile karatasi ya mzunguko mliyoichora siku ya kwanza: kituo gani, saa ngapi, jua lilikuwa wapi, na kipimo cha +/- mlichotumia. Ibandikeni karatasi hiyo karibu na mlango, pale mnapoweka buti.